Rimoti Imepotea, Televisheni Ingali Hai

Mtoto ameisahau rimoti uani, mvua ikainyeshea. Jioni familia nzima inaikodolea macho televisheni isiyotii amri. Kwa mkazi wa Rulenge wilayani Ngara, au wa Nyakanazi wilayani Biharamulo, hasara hiyo si ndogo. Rimoti ya chapa husika ikikosekana madukani na kulazimu safari ya Mwanza, nauli yaweza kuizidi bei ya rimoti yenyewe. Ndipo baadhi ya wazazi hushawishika kuiuza televisheni nzima kwa bei ya kutupa. Hiyo ni israfu, ndugu msomaji, na huepukika kwa kulielewa jambo moja: rimoti haina siri, ina hesabu.

Kwenye ncha ya rimoti kuna taa ndogo itoayo miale ya infraredi, mwanga ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Kitufe kinapobonyezwa, taa hiyo humetameta kwa mafungu mafupi, kwa kasi ya mara 38,000 hivi kwa sekunde, ili televisheni iutofautishe mwanga huo na ule wa jua au wa balbu. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana, uliobuniwa na kampuni ya NEC ya Japani, kituo kifupi baina ya mafungu husomwa sifuri, na kirefu husomwa moja. Mfuatano huo ndio msimbo.

Kila msimbo wa utaratibu huo hubeba namba nne. Ya kwanza ni anwani ya chombo, ya tatu ni amri. Ya pili na ya nne ni vinyume vyake, vipatikanavyo kwa kuitoa namba husika katika 255. Kwa televisheni nyingi za LG, anwani ni 4, na amri ya kuwasha na kuzima ni 8. Basi msimbo kamili ni 4, 251, 8, 247. Kila jozi ikijumlishwa huleta 255. Isipoleta, televisheni huipuuza amri. Kwa hiyo fundi aijuaye anwani anaweza kuunda misimbo ya amri zote, kuanzia 0 hadi 255, na kuijaribu mmoja mmoja, hata kama rimoti ya awali haipo tena.

Familia haihitaji kufika huko. Rimoti ya jumla, ile itumikayo kwa televisheni za kampuni nyingi, tayari imehifadhi misimbo hiyo. Tarakimu tatu au nne zilizoandikwa katika karatasi yake huiambia tu isome orodha ipi. Kwa kawaida huwashwa televisheni kwa kitufe chake yenyewe, hushikiliwa kitufe cha SET mpaka taa ya rimoti ibaki inawaka, kisha huingizwa tarakimu za kampuni. Sauti ikitii na chaneli zikakataa, jaribu namba inayofuata.

Kabla ya kununua, ipime rimoti ya zamani. Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe. Ukiona nuru ya zambarau, taa yake ni nzima. Usipoiona, badili betri kwanza. Hakikisha pia umeshika rimoti iliyo sahihi. Tangu matangazo ya dijitali yaanze kuchukua nafasi ya analojia, kazi iliyoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi zina rimoti mbili: ya televisheni na ya king'amuzi. Ya jumla ikiiwasha televisheni, haina maana kwamba itakitawala na king'amuzi.

Ukifanikiwa, iandike namba iliyokubali na kuibandika ndani ya kifuniko cha betri, kwani baadhi ya rimoti husahau betri zikitolewa kwa muda mrefu. Na yule mtoto aliyeisahau uani? Mwite akae karibu, umpe anwani na amri, naye atafute vinyume vyake.