Salio la simu lina kwao: Namna ya kulijaza ukiwa nje ya nchi

JIONI moja mwaka 2005 nilikuwa Arusha, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, dada yangu aliponipigia simu kutoka Kisumu. Baba alikuwa amelazwa hospitalini tangu asubuhi, na daktari alitaka jamaa wakubaliane kuhusu upasuaji usiku uo huo. Dada alikuwa bado anaeleza simu ilipokatika. Nilipojaribu kumpigia, sauti iliyorekodiwa ilinifahamisha kwamba salio langu halitoshi. Ajabu ni kwamba sikuwa nimempigia mtu yeyote siku hiyo, nilikuwa nimepigiwa. Kule kupokea tu kulikuwa kumekula shilingi zote nilizobeba kutoka Nairobi.

Niliingia katika kioski cha karibu nikanunua kadi ya kukwangua kwa shilingi za Tanzania. Nikaikwangua, nikabonyeza tarakimu zake moja baada ya nyingine, nikajibiwa kwamba nambari hiyo haitambuliki. Nikanunua ya pili, mambo yakawa yale yale. Muuzaji, kijana mpole, alinitazama kwa huruma akasema, "Pole kaka, hii haiingii kwenye laini ya Kenya." Ilinibidi nitafute kibanda cha kupigia simu, nimpigie mwenzangu wa kazi jijini Nairobi, naye ashuke dukani anunue kadi, aikwangue na kunisomea tarakimu zake huku nikiziandika pembeni mwa gazeti. Laini ilipofufuka, saa nzima ilikuwa imepita. Baba alikuwa tayari amepelekwa katika chumba cha upasuaji, na wadogo zangu walikuwa wamekwisha kuamua bila mimi.

Wasafiri wengi bado hukumbwa na mkasa kama huo, ijapokuwa kadi za kukwangua sasa zimewaachia nafasi M-Pesa na programu za simu. Chanzo chake ni dhana ambayo karibu sote tunayo: kwamba salio limo ndani ya simu, au ndani ya ile kadi ndogo ya laini, kama vile petroli ilivyo ndani ya tangi la gari. Kwamba ukifika Kampala na tangi likikauka, utajaza kwenye kituo chochote kilicho karibu.

Ukweli ni kwamba salio ni hesabu iliyoandikwa katika kompyuta za kampuni iliyokuuzia laini. Ukiwa Kampala, mnara unaokuhudumia ni wa kampuni ya Uganda, lakini daftari la fedha zako limebaki Nairobi. Unapobonyeza nambari ili upige simu, mtandao wa Uganda huuliza kwanza Nairobi: je, mteja huyu ni wenu, na ana kitu mfukoni? Akipewa idhini, mazungumzo huanza, na Nairobi huendelea kukata fedha kidogo kidogo kadiri dakika zinavyosonga. Hesabu ikifika sufuri, amri hutolewa na simu hukatwa, hata kama uliye naye alikuwa anakupasha habari za mgonjwa. Mfumo unaowezesha mashauriano hayo kwa wateja wa malipo ya awali unajulikana kama CAMEL, yaani ngamia, kifupisho cha maneno marefu ambacho wahandisi bila shaka walikichagua kwa mzaha. Kabla ya mfumo huo kuenea, kutumia laini ya nyumbani ukiwa ugenini, huduma iitwayo romingi, aghalabu kulikuwa haki ya wale waliolipa bili mwishoni mwa mwezi.

Kwa hivyo tarakimu za kadi ya muda wa maongezi ni mithili ya ufunguo wa kasha moja tu. Kadi ya Uganda hufungua kasha la kampuni ya Uganda. Wala usidanganywe na mabango. Jina na rangi unazozijua unaweza kuzikuta Kigali au Dar es Salaam, lakini kampuni ya kila nchi kwa kawaida ina leseni yake, daftari lake na sarafu yake.

Kuna wakati ukuta huo ulitobolewa, na ulitobolewa hapa kwetu. Mnamo Septemba 2006 kampuni ya Celtel ilizindua huduma ya One Network katika Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja aliyevuka mpaka alitozwa bei za wenyeji, alipokea simu bila malipo, na, jambo ambalo lingenifaa sana Arusha mwaka mmoja kabla, aliweza kununua kadi ya nchi aliyomo akaijaza katika laini yake ya nyumbani. Ilikuwa huduma ya kwanza ya aina hiyo duniani, ilhali Ulaya yenyewe ilisubiri hadi Juni 2017 ndipo wakazi wa Muungano wa Ulaya wakaanza kutumia laini zao katika nchi wanachama bila nyongeza ya bei. Celtel iligeuka kuwa Zain mwaka 2008, kisha mwaka 2010 ikanunuliwa na Bharti ya India na kuitwa Airtel. Nao washindani wake, Safaricom, Vodacom ya Tanzania na MTN ya Uganda, hawakukaa kitako. Walijibu kwa mpango wao walioubandika jina la Kama Kawaida.

Serikali zilijitosa baadaye. Kuanzia mwishoni mwa 2014, Kenya, Rwanda na Uganda zilianza kutekeleza mpango wa eneo moja la mawasiliano, Sudan Kusini nayo ikiwa katika makubaliano hayo. Tozo za ziada ziliondolewa, na raia wa nchi hizo akaweza kupokea simu bila kulipa akiwa kwa jirani. Tanzania haikuwa miongoni mwa walioanza. Yafaa msomaji atambue kwamba mpango huo ulihusu bei. Haukuhamisha daftari. Mkenya aliye Kigali huzungumza kwa nafuu, lakini salio lake likiisha bado litajazwa kutoka Kenya.

Litajazwaje, basi? Njia ya kwanza ni ile ile niliyoitumia kwa taabu: mtu wa nyumbani akutumie tarakimu za kadi, nawe uzibonyeze mwenyewe. Kwa mteja wa Safaricom ni nyota, 141, nyota, tarakimu, kisha alama ya reli. Hapa pana jambo la kiufundi ambalo wachache hulijua. Kanuni za kimataifa za simu za GSM zilitenga nambari fupi za namna hii zinazoanzia 100 hadi 149 ili, popote mteja alipo, zipelekwe moja kwa moja kwa mtandao wake wa nyumbani, ilhali zile za 150 hadi 199 ni za mtandao mwenyeji. Ndiyo maana 141 ya kujaza, 144 ya kuuliza salio na 140 ya Sambaza zinatarajiwa kufanya kazi hata ukiwa Guangzhou, maadamu mtandao uliokupokea unafuata kanuni na umeruhusu huduma hiyo. Si kila mtandao huruhusu. Ukiona ujumbe wa hitilafu, usidhani salio limepotea. Badilisha mtandao kwa kuchagua mwingine katika orodha ya simu yako, kisha ujaribu tena.

Njia ya pili ndiyo rahisi kupita zote, nayo haikuhitaji wewe kubonyeza lolote. Ndugu aliye Kenya anakununulia muda wa maongezi kwa M-Pesa au Airtel Money na kuuelekeza kwenye nambari yako, au anakukatia sehemu ya salio lake. Kwa kuwa daftari liko huku huku, salio huingia papo hapo, uwe Dubai au Toronto. Aliye na programu ya M-Pesa katika simu yake anaweza kujinunulia mwenyewe kupitia intaneti ya hoteli, almuradi aliisajili na kuijaribu kabla ya kuondoka. Isitoshe, zipo kampuni kama Ding ya Ireland na WorldRemit ya London ambazo huuza muda wa maongezi wa mitandao ya nchi nyingi kwa wenye kadi za benki. Wakenya wa ughaibuni huzitumia kuwajazia wazazi wao simu kijijini, na hakuna kinachomzuia msafiri kujijazia yeye mwenyewe. Bei yake, hata hivyo, hukatwa kwa sarafu ya kigeni, kwa hivyo angalia kiasi halisi kitakachoingia kabla ya kukubali.

Yote hayo ni bure ikiwa laini yenyewe haikufunguliwa kwa matumizi ya nje. Ulizia jambo hilo ungali Kenya, kwani nambari fupi ya kituo cha wateja mara nyingi haipatikani ukiwa mbali. Nakili ile ndefu inayoanza kwa +254. Vilevile, hifadhi nambari za jamaa zako kwa muundo huo wa +254 badala ya sufuri ya mwanzo, la sivyo simu yako inaweza kumtafuta mama katika nchi uliyomo.

Kuhusu salio kuisha bila wewe kupiga, wahalifu wakuu ni watatu. Wa kwanza nimekwisha kumtaja: nje ya maeneo yenye makubaliano, anayepigiwa hulipia safari ya simu kutoka kwao hadi alipo. Ujumbe mfupi, kwa upande wake, kwa kawaida hupokelewa bila malipo; waambie wa nyumbani waandike. Wa pili ni data, kwani simu za kisasa husasisha programu zake usiku umelala. Zima data ya romingi kabla ndege haijatua. Wa tatu ni mjanja zaidi. Ikiwa uliweka simu zisizojibiwa zielekezwe kwenye kisanduku cha sauti, basi anayekupigia ukiwa Dubai husafirishwa hadi Dubai, asipojibiwa hurudishwa Nairobi kurekodi ujumbe wake, na unaweza kutozwa safari zote mbili kwa simu ambayo hukuipokea. Kubonyeza ##002# hufuta maelekezo hayo yote.

Wakazi wa Namanga, Busia na Loitokitok hawahitaji hata pasipoti ili yawakute hayo. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao inaweza kudaka mnara wa ng'ambo ya mpaka ilhali mwenyewe amekaa sebuleni kwake. Afadhali uichagulie mtandao kwa mkono.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu asinunue tu laini ya huko aendako. Kwa anayekaa zaidi ya siku mbili tatu, hilo mara nyingi ndilo la busara, na atajaza salio dukani kama mwenyeji. Katika nchi nyingi atatakiwa aonyeshe pasipoti ili asajiliwe. Lakini asiing'oe laini ya Kenya na kuitia mfukoni. Benki hutuma nambari za siri za malipo kwa nambari ile ile uliyosajili, na mfanyabiashara aliye sokoni Guangzhou akiwa na shehena mbele yake na nambari ya siri isiyofika hana la kumwambia muuzaji. Simu inayobeba laini mbili, au inayokubali laini isiyo na kadi yaani eSIM, humaliza tatizo: ya ugenini kwa data na maongezi, ya nyumbani kwa ujumbe wa benki. Anayekwenda kwa miezi mingi aitumie ile ya nyumbani mara kwa mara, kwa sababu laini iliyonyamaza kupita muda uliowekwa hufungwa, na nambari yake huweza kupewa mtu mwingine.

Katika droo ya meza yangu kuna laini tatu za kigeni: moja ya Uganda, moja ya Tanzania na moja niliyoinunua London. Kila moja ilibaki na salio dogo nilipopanda gari au ndege kurudi nyumbani. Salio hilo sikuweza kuja nalo.