Sumu Isiyokufa kwa Moto

Hapa Kihesa tumejifunza kuchemsha maji ya kunywa. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Lakini iko sumu isiyokufa kwa moto. Ni sumu ya madini kutoka migodi iliyoachwa.

Hutoka wapi? Mawe mengi ya shaba na dhahabu yana chuma na salfa. Yakikaa chini ya ardhi hutulia. Yakichimbwa na kutupwa nje, hupata hewa na mvua. Hapo hutoa tindikali, maji makali kama ya betri ya gari. Tindikali huyeyusha madini na kuyapeleka mtoni. Wachimbaji wakiondoka, sumu haiondoki.

Tazameni mfano wa Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe, kwenye milima ya Rwenzori, ulianza mwaka 1956 ukafungwa 1982. Mabaki yenye salfa yalirundikwa Kasese. Maji yaliyotoka kwenye rundo hilo yaliua majani mpaka ndani ya hifadhi ya wanyama ya Queen Elizabeth.

Mwaka 1999 kiwanda kilianza kulipunguza rundo. Kilitumia vijidudu vinavyoyeyusha mawe hayo, kikapata kobalti ya kuuza. Uchafu ukawa mali. Lakini mabaki mengine yalibaki kando ya mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika mwaka 2013 na tena 2020.

Mto husafishwaje?

1. Mtaro huchimbwa juu ya rundo ili maji ya mvua yapite kando.
2. Rundo hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, kisha hupandwa majani.
3. Maji makali hupitishwa kwenye mawe ya chokaa ili ukali upungue.
4. Maji hutulia bwawani, madini yazame, ndipo yaende mtoni.

Kazi hii yataka wataalamu. Kazi yetu ni kuona mapema na kusema.

Kama una ndugu Chunya, kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu, mwambie hivi: Kijito chenye tope la rangi ya kutu, au kisicho na samaki wala vyura, usinywe maji yake. Maji maangavu nayo yaweza kuwa na sumu. Mwarifu afisa afya, maji yapimwe.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini kuchemsha hakuondoi sumu ya madini?
2. Chokaa hufanya kazi gani?
3. Maji yetu hutoka wapi, na huko juu kuna nini?