Je, Hofu Yaweza Kupimwa?

Homa hupimwa kwa kipimajoto. Je, hofu nayo? Msomaji, huenda wakumbuka Machi 13, 2020, siku Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Punde shule zikafungwa, na majumbani wengi wakakesha wakiwaza.

Mwaka huo huo watafiti walitunga kipimo cha hofu ya korona, wakakijaribu kwa watu 717 nchini Iran. Kina kauli saba tu. Miongoni mwazo ni mikono kutoka jasho uufikiriapo ugonjwa huo, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na kushikwa na wasiwasi ufuatiliapo habari zake. Ukiikataa kauli kabisa, wajipa alama 1. Ukiikubali kabisa, 5. Jumla huwa kati ya 7 na 35, na kadiri inavyopanda ndivyo hofu ilivyo kubwa.

Hata hivyo, kuogopa si ugonjwa. Hofu ya kiasi ndiyo iliyotufanya tunawe mikono na kuvaa barakoa. Shida huanza inapokunyima usingizi na hamu ya chakula. Alama nazo si uamuzi wa daktari. Zaonyesha tu ni nani anayehitaji kusikilizwa.

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Lakini maradhi mengine yaweza kuzuka. Basi mzazi, siku hiyo usimpime mwanao joto peke yake. Muulize pia: "Umelala vipi?" Kisha nyamaza, umsikilize.