Mwajiri Mdogo wa Kisangani na Sheria ya Kazi

Mwenye karakana ya mbao katika komini ya Mangobo, ambaye asubuhi huwaita vijana wawili watatu wamsaidie kupasua na kuranda, na jioni huwatilia ujira mkononi kila mtu akaenda zake, aghalabu huamini kwamba sheria ya kazi ni jambo la viwanda na makampuni, wala haimhusu yeye asiye na ofisi wala karani. Dhana hiyo ina hatari kubwa, maana Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, haikumsahau.

Yatosha kutazama kifungu cha 40. Kibarua wa siku, akiisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, kisha akaitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa muda usio na ukomo. Hapana aliyetia sahihi, hapana aliyetamka ahadi. Hesabu ya siku peke yake imefunga mkataba. Basi siku mbao zitakapokwama njiani, na mwenye karakana akamwambia kijana, "Kesho usije," atatakiwa aonyeshe sababu halali na kutoa notisi ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi.

Ama viwango, hivyo havitulii. Kima cha chini cha ujira kiliwekwa mwaka 2018 kuwa faranga 7,075 kwa siku, kikadumu miaka huku bei za sokoni zikipanda, hata mwaka 2025 kikapandishwa zaidi ya maradufu. Mwaka 2018 vilevile, taasisi ya hifadhi ya jamii, INSS, ilipogeuzwa kuwa CNSS, michango nayo ilibadilika: asilimia 13 juu ya mwajiri, na asilimia 5 katika mshahara wa mfanyakazi.

Haya yote hutangazwa Kinshasa kwa Kifaransa, ilhali mwenye karakana na vijana wake hupatana kwa Kiswahili au Lingala. Naona hapo pana dhuluma, kwani si insafu kumtoza mtu faini kwa amri ambayo hakuna aliyemfasiria, na wakaguzi wa kazi wangetenda haki kama wangebandika viwango vipya sokoni kwa lugha za watu kabla ya kubisha hodi.

Maadamu hilo halijafanyika, daftari moja lafaa kuliko wakili: jina, tarehe, ujira uliolipwa, na sahihi au alama ya kidole gumba. Mwajiri mwenye daftari hilo huiona siku ya 22 ikija, akakaa na kijana wake wakapatana kwa maandishi. Na wakitaka mkataba wa muda maalumu, usizidi miaka miwili, wala usirudiwe zaidi ya mara moja.