Jeshi Likidhulumu, Nani Ataulizwa?

Ndugu Waislamu, hapa kwetu Masakta, wilayani Hanang, ng'ombe wakiingia usiku katika shamba la mtu wakala mahindi yake, hatumwendei mtoto mchungaji peke yake. Twamwendea mwenye ng'ombe. Akisema kuwa alikuwa amelala, wazee humjibu: ng'ombe ni wako na mchungaji ni wako, basi na deni ni lako.

Twaanza na hayo kwa kuwa vijana wa madrasa wametuuliza swali zito: Je, yafaa kumlaumu Idi Amin mbele za watu, na hali alikuwa Muislamu mwenzetu?

Yaliyotendeka yajulikana. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin, Rais wa Uganda, yalivuka mpaka yakaikalia nchi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba akatangaza ya kuwa nchi hiyo, kiasi cha maili za mraba 710, ni yake. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Raia waliuawa, wanawake wakavunjiwa heshima, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa hata Uganda, na kiwanda cha sukari kikaporwa. Wakadiriao husema watu 1,500 hivi walipoteza maisha. Walikuwa wakulima wa migomba na wafugaji, watu wasio na silaha.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akakimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Mwaka 1980 Brian Barron wa BBC alimkuta Jeddah akamhoji. Lakini mwandishi wa habari si kadhi: hawezi kuita mashahidi, wala kumlazimisha mtu arudishe alichochukua. Amin hakusimamishwa mbele ya mahakama yo yote. Alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, na mayatima wa Kagera wakabaki na swali lao.

Wako wasemao ati askari ndio waliokosa, yeye hakuwapo. Hebu na tuitazame dini yetu. Sayyidna Abubakar r.a. alipotuma jeshi Sham aliliusia kabla halijaondoka: wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wasikate miti yenye matunda, wasichinje mnyama wa watu ila kwa kula.

Na baada ya kufunguliwa Makka, Khalid bin Walid alipelekwa kwa Bani Jadhima, akawaua watu waliokuwa wamekwisha kujisalimisha. Habari ilipomfikia Bwana Mtume s.a.w., hakusema kuwa hakuwapo, wala hakumfichia Khalid kosa lake. Aliinua mikono akajitenga mbele ya Mola wake na tendo lile. Kisha akamtuma Sayyidna Ali na mali, akawalipa damu zao na vitu vyao, hata chombo cha mbwa kunywea maji. Huyo ndiye kiongozi: huuliza, hukiri, hulipa.

Basi jawabu letu kwa vijana ni hili. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kushuhudia haki, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Amtetuaye dhalimu kwa jina la dini huwafanya wengine wadhani ya kuwa dhuluma ndiyo dini. Mwaka ule ule wa 1979 Waislamu wa Ankole, wasio na hatia, waliuawa kwa kisasi cha matendo ya Amin.

Na mizani ni moja. Mwezi wa Februari 1979 askari wetu wa Tanzania waliubomoa mji wa Masaka kwa kulipiza Kagera. Wenye nyumba zile hawakuwatuma askari wa Amin. Hilo nalo yapasa liulizwe, ingawa walioshinda hawapendi kuulizwa.

Enyi wazazi, mtoto wenu akirudi na kitu cha jirani, msiseme, "Sikumtuma." Mshikeni mkono, mkirudishe pamoja. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Amin hakuulizwa na mahakama ya wanadamu. Iko Mahakama asiyoikimbia mtu.

Wabillahi taufiq.