Mche Hupata Fedha, Je, Ujuzi wa Mzee?

Msafiri apitaye Kanja kuelekea Runyenjes huona mashamba ya chai na kahawa pande zote, na hapa na pale muringa mkubwa ulioachwa kusimama. Muringa si mti wa kivuli tu. Katika gogo lake wazee wa Kiembu, na jirani zao Wachuka, mabingwa wa ngoma, wamechonga mizinga ya nyuki, vinu na ngoma tangu zamani. Fundi huujua mti uliokomaa, jinsi ya kuukausha usipasuke, na ngozi ifaayo kuwambwa.

Fedha za kuhifadhi miti zimepata kufika kwetu, wala si haba. Mwaka 2004 ulianza mradi wa Mashariki ya Mlima Kenya, na 2012 ukafuata ule wa Tana ya Juu, yote miwili kwa msaada wa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo. Vikundi vilisaidiwa kupanda miche na kulinda chemchemi. Sisi makarani twaijua sababu: mche huhesabika. Andika elfu moja kitabuni, mkaguzi aje ahesabu, basi. Lakini ujuzi wa mzee uandikwe katika safu ipi?

Sheria ipo. Ile ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi yaiagiza kila serikali ya kaunti iwe na daftari la maarifa hayo. Hata hivyo daftari halijiandiki. Lataka nauli ya karani, na ujira wa mzee pia. Maana aachaye palizi ya shamba lake akafundishe hafai kulipwa asante tupu.

Wenzetu wa Pwani walitangulia. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa, yakisaidiwa na WWF, yaliunda kitengo cha kulinda misitu ya Kaya za Wamijikenda. Mwaka 2008 UNESCO ikaitia misitu hiyo katika Urithi wa Dunia, na 2009 ikaziorodhesha mila zake kuwa zahitaji kuokolewa upesi. Msitu na maneno yake vikaandikwa vyote.

Nasi tuna kichaka cha Mwenendega, ambaye Waembu husimulia kuwa ndiye baba yao. Kikundi cha Kanja kitakachoandika maombi na kiweke, kando ya fungu la miche, fungu la fundi mmoja wa ngoma na vijana wawili wa kumfuata msimu mzima: gogo, ngozi, na chakula cha mchana.