Ubao wa Sentimita 30

Ukitoka Kindu, huku Maniema mashariki mwa Kongo, ukavuka mto Lualaba na kuiacha Alunguli nyuma, njia ya Kalima hukuonyesha mapema kwamba haina haraka na mtu. Mvua ya usiku imelainisha udongo mwekundu, malori yamechimba mifereji ya kufika magotini, na kwenye kijito kimoja daraja la magogo limebaki mifupa. Katikati pana pengo, na juu ya pengo wenyeji wamelaza ubao mmoja. Niliupima kwa mkono: shibiri moja na vidole vinne, kama sentimita 30.

Motari, dereva wa pikipiki ya kukodi aliyenibeba, alisimama hatua kumi kabla ya kufika. "Papa, shuka kwanza," akaniambia, nami nikashuka bila kubisha. Akasimama wima juu ya vikanyagio, magoti yameibana tangi, gia ya kwanza, vidole viwili juu ya klachi. Kisha akainua kidevu. Hakuutazama ubao hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mchikichi ulioko ng'ambo. Injini ikashika sauti moja, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo, na magurudumu mawili yakapita juu ya ule ubao pasipo kutikisika. Sekunde nne, labda tano. Alipofika upande wa pili akaanza kukung'uta tope viatuni huku akinisubiri nivuke kwa miguu.

Kuna watu duniani wanaosafiri mbali na kulipa pesa nyingi ili kuona jambo hilo: mtu na mashine waliokubaliana. Sisi wa Kindu tunaliona kila siku, na kwa kuwa tunaliona kila siku, hatujalipa heshima yake.

Mapenzi ya mbio yapo hapa, tena makubwa. Jumapili alasiri, karibu na vijana wanaouza esansi, yaani petroli, kwenye chupa, utawakuta wamotari wamezunguka simu moja yenye kioo kilichopasuka. Wanatazama MotoGP, mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia. Wanajua nani anapanda Ducati na nani KTM, na Brad Binder akionekana kelele zinaongezeka, maana huyo ni wa Afrika Kusini, ni wa kwetu. Wanayo sababu ya kupiga kelele. Mwaka 2016 huko Jerez, Hispania, Binder aliwekwa mstari wa mwisho kabisa kwenye mbio za Moto3, daraja la pikipiki ndogo, akawapita wote mmoja baada ya mwingine, akashinda, na mwisho wa msimu akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2023 huko Mugello, Italia, akafikisha kilomita 366.1 kwa saa. Kwa mwendo huo, kama barabara ingeruhusu, Kalima ingekuwa safari ya chini ya dakika 20. Siku ya mvua, sisi hutoka alfajiri tukafika jioni.

Kati ya mbio zote zinazorudiwa kwenye ile simu, mimi nazipenda zaidi zile za Welkom, Afrika Kusini, tarehe 18 Aprili 2004. Valentino Rossi alikuwa ameiacha Honda akiwa bingwa, akahamia Yamaha, kampuni ambayo haikuwa imetwaa taji la daraja la juu tangu mwaka 1992. Wengi walisema amejiharibia. Akashinda mbio za kwanza kabisa akiwa na pikipiki mpya, akimwacha Max Biaggi kwa sehemu ndogo ya sekunde baada ya mizunguko yote ile ya kufukuzana. Kisha akaisimamisha pikipiki pembeni ya njia, akaiinamia, akaibusu. Wamotari wetu wakifika hapo hunyamaza. Wanakijua kile kitendo. Nimemwona mmoja wao akilipiga tangi la pikipiki yake makofi mawili ya taratibu baada ya kutoka kwenye tope, kama mtu anayemshukuru ng'ombe.

Sasa linganisha mashine. Yamaha R1, pikipiki ya mbio inayouzwa madukani tangu mwaka 1998, ina nguvu za farasi zipatazo 200 na tumbo lake liko sentimita 13 tu kutoka ardhini. Ingetulia vizuri kwenye lami yetu fupi ya mjini, kisha ingekwama kwenye mfereji wa kwanza nje ya Alunguli na kubaki hapo mpaka kiangazi. Pikipiki zinazobeba Maniema ni TVS za India na Haojue za China, cc 125, farasi kumi na moja hivi. Kijana anayeota R1 huiona hiyo 125 yake kuwa kitu cha kungojea maisha yabadilike.

Hapo ndipo ningependa kumshika mkono na kumweleza. Yamaha ilianza kwa kutengeneza kinanda katika karne ya 19, na hadi leo nembo yake ni uma tatu za kupimia sauti za muziki. Pikipiki yake ya kwanza, YA-1, ilitoka mwaka 1955. Ilikuwa cc 125. Wajapani waliipa jina la utani la kereng'ende mwekundu kwa rangi yake na wembamba wake. Mwezi Julai mwaka huohuo waliipeleka kwenye mbio za kupanda Mlima Fuji, ikashinda daraja lake, na historia yote ya Yamaha kwenye mashindano ikaanzia kwenye mlima ule. Rossi naye, katika mataji yake tisa ya dunia, la kwanza alilichukua mwaka 1997 kwenye cc 125. Daraja hilo lilikuwemo kwenye mashindano ya dunia tangu yalipoanza mwaka 1949 hadi mwaka 2011, na vizazi vya mabingwa vilijifunzia humo. Pikipiki ndogo ndiyo mwalimu, kwa sababu haikupi nguvu za kufichia makosa yako: ukifunga breki mapema mno kwenye kona, mwendo ulioupoteza haurudi.

Wazee wetu wanaikumbuka Yamaha nyingine, AG 100, ile yenye vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma, mnyororo wake umefunikwa wote usiingie tope. Ilikuwa pikipiki ya padri, ya bwana shamba na ya muuguzi wa chanjo. Ukisikia mlio wake mkavu na kuona moshi wa mafuta yanayoungua pamoja na esansi, ulijua kuna mtu mwenye kazi amefika kijijini.

Lakini ustadi wa motari wa Maniema haukuanza na injini, ulianza na baiskeli. Wakati wa vita vya kuanzia mwaka 1998, lori halikupita, treni haikufika, na watu walisukuma baiskeli kwa siku nyingi ndani ya msitu zikiwa zimebeba chumvi, mafuta ya mawese, mchele, sabuni na nguo. Fimbo moja ilifungwa kwenye mpini ili kuongoza, nyingine nyuma ya kiti ili kusukuma. Mtu aliyesukuma mzigo ule alijifunza kwa mabega kitu ambacho hakifundishwi kwa maneno: uzito unataka kwenda wapi, na uukatalie wakati gani. Amani ilipoanza kurudi na pikipiki zikaja, wengi waliozipanda walikuwa wana wa wale wasukuma baiskeli, au walewale wenyewe. Ndiyo maana motari wa hapa hupakia kwa jicho la fundi seremala. Bidoni nzito hukaa chini na karibu na ekseli. Kuku huning'inizwa juu. Abiria huketi katikati ya mzigo na dereva ili mzigo usimsukume dereva kwenye mteremko.

Abiria naye ana somo lake. Panda kwa upande wa kushoto. Bomba la moshi liko kulia, na wanawake wengi wa mji huu wana kovu dogo la mviringo upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia, kumbukumbu ya siku waliyoshuka vibaya. Motari mzuri humwambia abiria kabla hajainua mguu: "Mama, huku, kushoto." Kwa maneno hayo matatu, mimi humjua aliyefundishwa na asiyefundishwa.

Nizungumzie mikono, maana mapenzi ya kweli ya pikipiki yako mikononi. Gurudumu hugusa ardhi kwa eneo lisilozidi kiganja cha mtu. Viganja viwili tu, kimoja mbele na kimoja nyuma, ndivyo vilivyomshikilia Rossi kwenye lami, na ndivyo vinavyomshikilia motari wetu kwenye tope. Kwenye lami kavu, ukifunga breki, sehemu kubwa ya uzito hukimbilia mbele. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki, na mpanda mbio huishi kwa vidole vyake vya mkono wa kulia. Kwenye tope la Maniema mambo hugeuka. Ukiigusa breki ya mbele, gurudumu linasimama lakini pikipiki haisimami. Inateleza kama sabuni na unakuwa chini kabla hujajua. Hapa mwendo hupunguzwa kwa gia, kwa mguu wa kulia juu ya breki ya nyuma, na kwa subira. Kwenye mchanga ni kinyume cha hofu: mwili nyuma, mikono ilegezwe, esansi iendelee kuingia, mpini uachwe utikisike utakavyo. Anayeukaza mpini mchangani ameshaanguka, bado kutua tu.

Ipo pia siri moja inayowashangaza hata walioendesha miaka kumi. Pikipiki ikiwa na mwendo, ukitaka kukunja kulia unausukuma mbele mpini wa kulia. Kila motari hufanya hivyo bila kujua kwamba anafanya. Wale wa MotoGP wanaolaza pikipiki zaidi ya nyuzi 60 mpaka kiwiko kinakwaruza lami wanalijua hilo kwa mahesabu; wetu wanalijua kama wanavyojua kutembea. Na macho ni yaleyale. Pikipiki huenda yanakokwenda macho. Ukilitazama shimo utaingia shimoni. Kile kidevu kilichoinuka kabla ya ubao ndicho kidevu cha Rossi alipokuwa akiingia kona.

Mwendo ni mtamu, na mimi nimeuonja. Jioni, lami ikiwa kavu na jua limeanza kuzama upande wa pili wa uwanja wa ndege, vijana wawili watajipanga sambamba, wataangaliana, na utasikia injini mbili ndogo zikilia hadi mwisho wa sauti zao. Hakuna kofia ngumu. Hakuna glavu. Wana malapa miguuni. Kati yao na mtoto anayevuka barabara na sinia la mandazi hakuna kitu chochote. Nimekaa kwenye matanga ya kijana wa aina hiyo, na mama yake aliuliza swali moja usiku kucha, kwa nini hakuna aliyemwambia. Ukweli ni kwamba tulimwambia, lakini tulimwambia aache tu. Hatukumpa mahali pengine pa kupeleka kile kilichokuwa kinamchemka mwilini.

Kampala na Nairobi wana viwanja vya motokrosi; watoto wadogo huanzia kwenye cc 50, wamevaa kofia na ngao za kifua, na timu zao hukutana na za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini kwenye mashindano ya mataifa ya Afrika. Vifaa hivyo ni ghali na sitegemei kuviona kesho kando ya Lualaba. Lakini Wajapani wana mchezo mwingine, wanauita jimkana: uwanja mtupu wa kuegesha magari, koni za plastiki za rangi zimepangwa, na mpanda pikipiki huzizunguka moja moja, anageuka, anarudi, anapimwa kwa saa. Hushinda mwenye mikono na macho, na pikipiki ndogo haimzuii. Upo pia mchezo wa kuchelewa: mnaondoka pamoja, na anayefika wa mwisho bila kugusa ardhi kwa mguu ndiye bingwa. Uwanja wa mpira na mstari wa chokaa vinatosha. Ongeza ubao wa sentimita 30 juu ya matofali mawili, ongeza fungu la mchanga kutoka mtoni, ongeza bidoni ya lita 20 iliyofungwa nyuma. Ningependa kumwona bingwa yeyote wa Ulaya akija kushindana nasi hapo, na ningependa wale vijana wa jioni wapigiwe makofi na mji mzima wakiwa wamevaa kofia.

Tulirudi Alunguli giza likiingia. Daraja hakuna, kuna mitumbwi. Vijana wawili wa Kigenya, watu wa mtoni, walikamata pikipiki, mmoja gurudumu la mbele, mwingine chuma cha nyuma, wakaipitisha juu ya maji hadi ndani ya mtumbwi na kuisimamisha katikati, mpini ukielekea mjini. Motari wangu akaipanda, miguu miwili sakafuni mwa mtumbwi, huku na huku. Akina mama wakaketi mbele yake na vikapu vya majani ya sombe. Mpiga kasia akasukuma.

Kule katikati, mkondo ulipotukamata na mtumbwi ukaanza kulala upande, nilimtazama mkono. Siku nzima, kilomita zote zile za tope, hakuwa ameigusa breki ya mbele. Sasa injini ilikuwa imezimwa, na vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimeikamata ile breki mpaka vifundo vyeupe. Hakuiachia mpaka tumbo la mtumbwi lilipokwaruza mchanga wa Kindu.